Mkono wa Kushoto Hauna Haraka

Miezi mitatu Mama Vifungo alitembea na kitambaa kimoja mkobani, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, akingoja meneja awaite yeye na mpiga pasi. Leo kawaita ofisini.

Mpiga pasi alikuwa keshakaa, mguu juu ya mguu. Huyu ndiye aliyepiga kelele "Moto! Moto!" kiwandani, na moto wenyewe haukuwapo, mafundi cherehani arobaini wakagombania ngazi moja nyembamba. Mama Vifungo aliporomoka mpaka chini, wenzake wakampitia juu. Mkono wa kulia ulivunjika, vidole vikapona vimekakamaa, sindano havishiki tena. Na miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kushona vifungo vya mashati!

"Mama yangu, si unanijua?" mpiga pasi akasema. "Neno lilinitoka tu. Utani. Hata wewe huwa unacheka."

"Nacheka sana. Siku ile ulipoivalisha cherehani koti la meneja ukaipigia saluti, nilicheka mpaka nikajichoma sindano."

Meneja akakohoa. "Mama, uamuzi ni wako. Ukiandika hapa kwamba ulimi uliteleza, nampa onyo. Ukiandika kwamba alikusudia, anaondoka leo hii."

"Uliteleza, eh?" Akafungua mkoba polepole, akakikunjua kitambaa mezani. Katikati palikuwa na umbo la pasi, jeusi tii, na ncha yake kamili. "Wifi yangu, anayefagia pale kiwandani, alikiokota chini ya meza yako ya kupigia pasi siku ileile. Uliiacha pasi juu yake mpaka moshi ukatanda, ndipo ukaita. Haya, ulimi nao unaunguza vitambaa?"

Mguu ukashuka wenyewe.

"Mama, nakuomba. Nina watoto."

"Na mimi nilikuwa na mkono."

Akavuta karatasi, akaishika kalamu kwa kushoto. Herufi ya kwanza ikamchukua muda, ya pili zaidi. Jasho likaanza kumtoka mpiga pasi shingoni, likalowesha kola aliyoinyoosha mwenyewe asubuhi.

"Nikuandikie, mama, uweke dole gumba tu?" meneja akauliza.

"Acha, baba. Mkono huu hauna haraka." Akainua macho, akamtazama mpiga pasi. "Tuchekeshe basi, mwanangu, wakati unangoja."

Mpiga pasi akajifuta shingo kwa kiganja.

Mama Vifungo akainama tena juu ya karatasi. Alikuwa amefika kwenye "alikusu".