Kipande Kisicho na Jina

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, na juu yake mstari mmoja mweupe ulionieleza kwamba mashine haioni pa kuanzia. Niliizima, nikaiwasha, nikaizima tena. Nyuma yangu, kwenye benchi la wateja wa kuchaji simu, alikuwa ameketi Mama Emérence, mkulima wa Nyabiondo. Alikuwa ametembea siku mbili kufika Mushaki, na miguu yake ilikuwa imevimba kama mihogo iliyolowekwa.

"Papa Guylain, jina ya mutoto wangu iko mule ndani?"

"Iko, Mama. Ngoja kidogo."

Mwanawe Magloire, wa miaka sita, alimponyoka mkononi siku risasi zilipoanza kwao. Mimi nilikuwa na orodha ya watoto arobaini na mmoja wa namna hiyo, kila mmoja na kijiji chake na familia iliyompokea. Dada Léontine, katekista wetu, ndiye aliyeiandika, kwanza katika daftari, kisha katika kompyuta ya duka langu. Ilikuwa Jumanne, mwaka 2012, na vita vilikuwa vinateremka kuelekea ziwani.

Jana yake watu wenye bunduki walikuwa wamepita wakiulizia wavulana. Léontine alilichoma daftari jikoni kwake, akanijia mbio.

"Kaka, ficha ile liste. Wakiiona, watazunguka nyumba kwa nyumba kuokota batoto."

Nilimwambia hilo ni jambo dogo. Nilikuwa Mnande niliyetoka Butembo kuuza betri na nyimbo, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa sifa za ufundi. Nikaigawa nafasi ya diski ya kompyuta katika vipande, nikaiweka orodha katika kipande kisichoonekana. Hapo nikakuta kipande kingine, kidogo sana, hakina jina wala faili. Dukani kwangu kila nafasi ni ya filamu za wateja, basi nikakifuta. Kumbe ndicho kilichokuwa kinaiamsha kompyuta.

Sikumwambia mtu. Nilimtuma dereva wa Goma aniletee diski ya kutengenezea, akarudi nayo Alhamisi mchana. Siku hizo zote Emérence hakuondoka kwenye benchi ila kwenda kulala kwa Léontine, ambaye alikumbuka majina ya watoto lakini si nyumba walikopelekwa. Kuweka mfumo upya kungefuta kila kitu, kwa hiyo nilichagua njia ndefu: nikaionyesha mashine ianzie wapi, nikaiacha ijitengeneze, ikakataa. Nikarudia. Lita ya mwisho ya mafuta ilikuwa inaisha na jenereta inakohoa. Mara ya tatu ikawaka.

Léontine alisoma kwa sauti: "Magloire. Shasha, kwa Straton muvuvi."

Emérence alilia, akanikumbatia, akapanda pikipiki kwenda Shasha, kule ziwani, jioni ile ile. Nilifurahi kama mjinga.

Alirudi baada ya wiki tatu, peke yake. Nyumba ya Straton aliikuta wazi, sufuria bado iko mafigani. Majirani walimwambia mabomu yalianguka Jumatano ya wiki ile ile, alfajiri, na Straton akawapakia wote katika mtumbwi. Wengine walisema walielekea Minova. Wengine walisema mtumbwi ule haukufika popote.

"Kama ningeenda mardi, ile Jumanne, ningemukuta," alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo usiku na mchana tangu habari za Shasha zitufikie.

Kisha akauliza, kama mtu anayetaka tu kujua: "Ile machine ilipatwa na nini?"

Léontine alikuwa mlangoni. Wote wawili walinitazama.

"Courant, Mama," nilisema. "Umeme mubaya."

"Eh, courant ya hapa njo iko vile." Alifungua pindo la kitenge chake, akatoa maharagwe kidogo yaliyofungwa katika kitambaa. "Hii ni ya mukono yako, Papa, juu ulisumbuka sana."

Aibu iliniwasha uso mzima. Niliyapokea kwa mikono miwili.