Mkwaruzo wa Msumeno

"Mapacha, Mama! Mapacha kabisa!"

Daktari wa jiolojia aliinua jicho kutoka kwenye hadubini, akacheka kama mtu aliyeletewa habari za mtoto kuzaliwa.

Mkata mawe, ambaye wote walimwita Mama, alikuwa mlangoni, aproni ikichuruzika maji ya tope. Miaka ishirini na tisa alikuwa akiwakatia wanajiolojia wa idara ile miamba yao na kuisaga mpaka ikawa myembamba kuliko unywele, mwanga ukapita. Hii ya leo ilikuwa miwili: mmoja wa mlima wa hapa nchini, mwingine umeletwa kwa ndege kutoka ng'ambo ya bahari. Daktari alitaka kuonyesha kwamba zamani, kabla mabara ya kusini hayajaachana, milima hiyo ilikuwa safu moja. Keshokutwa angesafiri kwenda kuwaeleza wenzake.

Mama alichukua mabaki ya mawe ayarudishe kabatini. Lile la ng'ambo lilikuwa limekatwa huko huko kabla ya kusafirishwa; yeye hakupaswa kulitia msumeno, ila kulisaga tu. Mbona basi uso wake ulikuwa na mkwaruzo uliopinda, ukijirudia kila upana wa kidole? Msumeno wa Mama mwenyewe ulimeguka ukingo mwezi uliopita, na tangu hapo ulikwaruza hivyo.

Lebo alibandika mwenyewe.

Alibakiza miezi minne kustaafu. Aliliosha jiwe, akaliweka kabatini, akafunga. Akasimama pale. Akafungua tena.

"Daktari, una nafasi kidogo?"

"Kwako wewe, hata saa nzima."

"Mapacha wako ni wa mlima mmoja. Mawe yote mawili ni ya hapa. Nilichanganya lebo."

Kicheko kilikatika. "Una uhakika?"

"Huu mkwaruzo ni wa msumeno wangu. Naujua kama mwandiko wangu."

Daktari aliketi. "Muhtasari wa hotuba nimeshawatumia wenzangu, Mama."

"Najua. Barua ya onyo niandikie, nitatia sahihi. Ila kwanza niache nisage la ng'ambo lenyewe."

Walilikuta kwenye trei ya chini. Mama alilibandika kwenye kioo, akasaga mpaka alasiri bila kutia kitu kinywani. Daktari aliliangalia kwa hadubini muda mrefu.

"Hayafanani," alisema mwishowe. "Hili halikupata joto kama la kwetu. Huenda milima hiyo haikugusana kabisa." Akavuta karatasi za hotuba, akakifuta kichwa chake cha habari kwa mstari mmoja. "Nitaenda kusema hivyo hivyo."

Barua ya onyo hakuitaja. Shukrani pia hakutoa. Aliandika mistari miwili, kisha akamgeukia, mkono juu ya hadubini.

"Hivi umewahi kuangalia humu?"

"Mimi? Kazi yangu huishia kwenye kioo."

Daktari akasogeza kiti. Mama alifuta mikono kwenye aproni, akainama. Mwanzoni aliona weusi wa kope zake mwenyewe. Kisha rangi zikaja, buluu na manjano, chembe kwa maelfu, zote zimelalia upande mmoja, kama nyasi baada ya mafuriko kupita.