Kicheko cha Mstari wa Tatu

Kicheko kilimfikia Ganzi kabla hajachekesha. Hilo ndilo lililomnyima raha Jumamosi mbili mfululizo. Yeye alikuwa bado jukwaani anavuta pumzi ya kumalizia kisa, na mstari wa tatu wa viti umeshalipuka, watu wanapigana mabega, mbavu hawana.

Mchana alikuwa mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno. Jina la Ganzi alipewa na mwenye ukumbi, mzee mwenye daftari la kupanga wachekeshaji. Jumamosi ya tatu mzee angemchagua mmoja wa kupanda jukwaani kila wiki, na Ganzi aliitamani nafasi ile kupita kiasi. Lakini aliitaka ikiwa anachekesha kweli. Kama anachekewa kwa kuhurumiwa, afadhali abaki na mafaili yake.

Wasiwasi ndiyo akili. Mara ya pili, watu walipotoka, alipita kwenye ule mstari akapangusa kiti kwa kidole. Vumbi la mbao. Na kaka yake alikuwa seremala, chumba chake na cha Ganzi vimetenganishwa na ubao mwembamba, na Ganzi hufanya mazoezi kwa sauti.

"Kaka, Jumamosi ulikuwa wapi?" alimuuliza wakati wa chai.

"Kazini."

"Na wenzako?"

"Kazini. Kwani wewe polisi?" Akaipuliza chai iliyokwisha kupoa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ganzi hakuuliza tena. Wiki nzima alifanya mazoezi karibu na ule ubao, kisa kile kile, mwisho ule ule: mtu kavumilia jino bovu miezi minane, akifika kliniki anaambiwa asubiri dakika kumi, naye anafoka, "Dada, mnatuchelewesha."

Jumamosi alipanda jukwaani. Mstari wa tatu ulikuwa na wanaume sita waliochana nywele vizuri mno. Kaka yake alikaa katikati, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi.

"Mtu kakaa na jino bovu miezi minane," Ganzi akaanza. "Kaja kwetu, nikamwambia asubiri dakika kumi." Akatulia. "Akasubiri."

Mstari wa tatu ulilipuka. Mmoja alijipiga paja, mwingine akajifuta machozi. Watu wengine wote wakageuka kuwatazama kama wanaocheka msibani.

"Jamani," alisema Ganzi, "hapo mmecheka nini?"

Wakatazamana. Yule wa pembeni akamnong'oneza kaka, ila mnong'ono wa mtu aliyezoea kelele za msumeno husikika mbali: "Si ulisema kwenye dakika kumi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ganzi hakucheka.

"Kaka, naomba mnipishe."

"Mdogo wangu, usituaibishe mbele za watu."

"Nawapenda, lakini tokeni."

Wakatoka mmoja mmoja, wameinama. Viti sita vitupu vikamkodolea macho. Akaendelea.

"Juzi kaja mwanaume ana misuli mpaka shingoni. Kung'olewa jino, kaja na mama yake amshike mkono. Mama anambembeleza, 'Haliumi, mwanangu. Mimi nimeng'oa yote.'"

Mama mmoja wa nyuma akacheka, kachelewa, kiganja mdomoni. Ganzi alimchunguza: si jirani, si wa kanisani, si mgonjwa wa kliniki. Wakafuata wengine, si wote. Kijana wa mbele hakutikisika hata kidogo, na Ganzi akamwamini huyo kuliko wote.

Aliposhuka, mzee alikuwa na daftari mkononi.

"Nakuandika. Ila wale wa mstari wa tatu uje nao, wamenivunja mbavu."

Ganzi alimtazama usoni, akitafuta kama ni utani. Haukuwa utani.

"Hao hawaji tena, mzee. Kama unawataka wao, waandike wao."

Mzee aliguna, akaandika. Ganzi hakuondoka mpaka alipochungulia na kusoma neno moja tu: Ganzi.