Mstari wa Dari

"Kaka, ishike vizuri basi!"

Fundi rangi mkubwa akaikaza mikono. Ngazi ilikuwa yake, brashi yake, kazi yake. Lakini aliyekuwa juu ni mdogo wake, na yeye mwenye mali kabaki chini kama anayechunga mbuzi wa jirani.

Mama mwenye nyumba alichungulia, akatazama ukuta. "Mkono umenyooka huo! Na kaka yako alikuwa hivyo hivyo?"

"Alinishinda mbali," mdogo mtu akajibu.

Lile "alikuwa" lilimchoma fundi mkubwa. Wivu hauna adabu: alimwonea ndugu yake wa tumbo moja wivu wa magoti, wivu wa kifua, wivu hata wa jasho.

Chake kifua kilikwisha kuliwa na vumbi la msasa. Siku hizi hata kwenda bafuni alipapasa ukuta. Kliniki, binti wa mazoezi alimsimamisha kwa mguu mmoja, kashika kiti. "Mzee, pumzi ikipungua, miguu nayo inayumba. Ufanye lolote, usibane pumzi." Akaitikia tu, moyoni akiona ni michezo ya watoto.

Mdogo wake alipotoka kwenda uani kukoroga rangi, yeye akapanda ngazi.

Kilibaki kipande cha mwisho, pale ukuta unapokutana na dari. Hapo hapataki mtu wa kupaka rangi tu, hapo pataka fundi. Alichovya brashi. Mazoea yana taabu: ili mkono usitikisike, akabana pumzi, kama alivyofanya ujana wake wote.

Mstari ulianza vizuri, ukamfurahisha. Kisha ukuta ukasogea, na miguu ikawa si yake. Brashi ikaanguka.

"Kaka!"

Mikono ya mdogo wake aliyerudi kutoka uani ilimdaka kiunoni, ikamteremsha. Alikaa sakafuni akihema, mdomo wazi.

"Ungeniachia nani?" mdogo wake akauliza.

"Ngazi ungebaki nayo," akasema kwa vipandevipande. "Si ndiyo unayoitaka?"

Mdogo mtu alifuta brashi kwanza. "Nikishikiwa ngazi na mtu mwingine, miguu yangu inatetemeka. Hujui tu."

Pumzi ilipomrudia, kaka mtu aliinuka kwa kuushika ukuta, akaikumbatia ngazi. Juu, mdogo wake aliupokea mstari pale ulipokatikia, akabana pumzi, akauvuta taratibu mpaka kona. Alipomaliza aliiachia pumzi yote kwa mluzi, kama mtu mwenye nyingine ghalani.