Nakala Kumi na Moja

Ujumbe wa Babu Antena kuhusu pampu ya kisima ulipoingia kwa mara ya tano asubuhi hiyo, Fundi aliweka bisibisi mezani na kutamka neno ambalo mumewe, aliyekuwa akisoma gazeti kwenye kochi, alijitia hakulisikia.

Kazi ya Fundi ilikuwa kutengeneza cherehani. Lakini katika chumba hichohicho cha kazi, kati ya kabati la sindano na dirisha, kulikuwa na kompyuta kuukuu, redio, na waya uliopanda mpaka paani, na hapo ndipo moyo wake ulipokaa. Walikuwa watu arobaini hivi, wamesambaa miji kadhaa, kila mmoja na mitambo yake nyumbani, wakirushiana ujumbe kwa redio kutoka kituo hadi kituo kwa sababu tu waliipenda kazi hiyo. Kero yake moja ni kwamba ujumbe uleule hupitia njia mbili tatu, ukafika mara mbili tatu. Ndiyo maana kila kituo kilikuwa na programu ya kukamata nakala. Kila ujumbe una namba yake. Programu inaandika namba ilizokwisha kuziona, na namba ikirudi, ujumbe unatupwa pembeni. Hapo kuna ugumu gani?

Kwa Babu Antena, mmoja wa hao arobaini, ugumu ulikuwepo. Mitambo yake, aliyoiunda kwa mikono yake na ambayo hakuruhusu mtu aiguse, iliupa kila ujumbe uliopita kwake namba mpya na tarehe mpya. Programu za wenzake zikiuona zinadhani ni mgeni, zinaukaribisha ndani. Na kwa kuwa kituo cha Fundi ndicho kilichokuwa njia panda, lawama zote zilimwangukia yeye. Mwenyekiti wa chama alimwandikia kulalamika, na malalamiko yenyewe yakafika mara tatu. Babu Antena alipoombwa arekebishe, alijibu kwamba mitambo yake haijawahi kukosea tangu aiwashe. Jibu hilo lilifika mara nne.

"Mwache mzee wa watu," mumewe alisema.

"Nimwache? Ataniua kwa presha, halafu rambirambi zake zitaletwa mara sita."

Ukweli ni kwamba wiki hiyo Fundi angegombana hata na ukuta. Siku mbili kabla, alikuwa amemkatia kaka yake simu. Mama yao aliishi kwa kaka, katika mji mwingine, na kaka alikuwa ameomba mama aje akae kwa Fundi miezi michache, kwa kuwa wifi alikuwa mgonjwa. Fundi alisikia kitu kingine kabisa: kwamba mama amekuwa mzigo, anarushwa huku na huku. Akampa kaka vidonge vyake. Mwishoni akamwambia asimpigie tena, yeye wala mtu wa nyumbani kwake. Kama ana la kusema aliandike, alisome akiwa ametulia. Kaka naye alikuwa mwanachama wa mtandao, mwenye kituo kidogo sebuleni kwake.

Basi kwa hasira zile zile, Fundi akaifumua programu. Namba haiaminiki? Akaitoa. Tarehe haiaminiki? Nayo akaitoa. Akaielekeza itazame mambo matatu tu: nani ameandika, kichwa cha habari ni kipi, na mistari kumi ya mwanzo inasemaje. Vyote vikilingana na ujumbe uliokwisha kupita, hiyo ni nakala, itupwe. Ili isianze kazi bila kumbukumbu, akaipitisha kwenye ujumbe wote wa miaka mitatu nyuma.

Kesho yake pampu ya kisima ilikuja mara moja tu. Mwenyekiti alishukuru, mara moja. Fundi alitembea siku nzima kifua mbele.

Kaka hakuandika. Wiki ya kwanza Fundi alisema ananuna, yatamwisha. Wiki ya tatu alisema kumbe ndivyo alivyo, kiburi kimemjaa mpaka kwenye kope. Wiki ya tano mumewe aliposhauri apige yeye, alimgeukia kwa ukali hadi mume akarudi kwenye gazeti lake. Yeye ndiye mdogo, lakini yeye ndiye aliyekosewa. Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani ya mtu, alifungua kompyuta akatazama kama kuna jina la kaka. Halikuwepo, na kila asubuhi alikasirika upya.

Wiki ya saba mwenyekiti alitaka kujua programu imekamata nakala ngapi, ili aitangaze kwenye mkutano. Fundi akaona fahari. Akafungua jalada la vilivyotupwa, ambalo hakuwa amelifungua hata siku moja, aanze kuhesabu. Babu Antena, Babu Antena, Babu Antena. Kaka.

Alidhani amesoma vibaya. Akashuka chini. Kaka. Kaka tena. Ujumbe kumi na moja, wote wenye kichwa kilekile cha barua zake zote: Salamu.

Akaufungua wa kwanza, na hakuhitaji kuelezwa. Kaka alichapa kwa vidole viwili, na alikuwa mtu wa adabu za zamani. Hawezi kuanza jambo kabla hajamjulia hali kila aliye chini ya paa. Hujambo mdogo wangu, shemeji hajambo, watoto hawajambo, wateja je, mgongo wako unaendeleaje, sisi huku wazima, wasiwasi ni kwenu tu. Mistari kumi na miwili kamili. Ili asichoke, alikuwa ameiandika mara moja, miaka iliyopita, na kila barua aliinakili ileile juu ya mambo mapya. Fundi aliijua tabia hiyo. Alikuwa akimcheka kwayo.

Mambo mapya yalianzia mstari wa kumi na tatu. Ujumbe wa kwanza ulisema: nisamehe, nilisema vibaya, mama si mzigo. Wa tatu: mama anakuulizia. Wa tano: daktari amesema macho yote mawili yafanyiwe upasuaji, mama anakutaka uwepo, siku ni tarehe kumi na nne. Wa nane: tumekusubiri mpaka walipomwingiza ndani. Wa tisa: leo wamemfungua bandeji, anaona, ametazama kila aliyekuwa chumbani kisha ameuliza wewe uko wapi. Wa kumi na moja haukuwa na lawama. Ulisema sitakusumbua tena, mdogo wangu.

Ulikuwa wa siku tisa zilizopita.

Fundi alikaa. Alitaka kumlaumu Babu Antena, na alijaribu kwa dakika nzima, lakini haikuwezekana. Mkono uliochagua mistari kumi ulikuwa wake. Mumewe alikuja akasoma akiwa amesimama nyuma yake. Akamsogezea simu.

Kaka alipokea. Fundi akaanza kueleza, mistari kumi, namba, tarehe, maneno yakigongana, na huku machozi yanamtoka anajichukia kwa kuyatoa. Kaka alisikiliza kidogo kisha akasema hajaelewa kitu, ngoja ampe mama simu.

Mama naye alielezwa. Fundi alieleza mpaka mwisho, hakujificha popote.

"Mimi nilidhani umekasirika," mama alisema hatimaye. "Kwa hiyo hukuwa umezisoma barua za kaka yako."

"Sikuwa nimezisoma, mama."

"Na sasa?"

"Nimezisoma zote."

"Basi njoo nikuone."