Makombe ya Tabitha

Timu ya Tabitha ilifungwa msimu mzima. Ilifungwa kwenye mvua, ikafungwa kwenye jua, na mara moja ikajifunga yenyewe, beki wao aliposahau wanashambulia upande gani. Hata hivyo siku ya kuagana, kwenye bustani ya mji wao mdogo huko Ohio, kocha alimpa kila mtoto kombe la plastiki linalong'aa kama dhahabu, kisha akafungua maboksi ya pitsa.

Tabitha alikuwa na miaka minane na ulimi wa dalali. Aliona wenzake wanatupa makombe kwenye majani na kukimbilia pitsa. Akatoa pakiti ya peremende, akaanza biashara: peremende kwa kombe. Pitsa haijaisha, begi lake limejaa makombe hata halifungiki.

Aliyemkatalia ni Ingrid, kipa wa akiba.

"We Ingrid, kombe la nini? Msimu wote ulikuwa unachuma maua golini."

"Nilikuwa naogopa mpira," Ingrid akasema. "Lakini nilikuja. Wewe siku za mvua ulibaki nyumbani, eti tumbo linauma."

Tabitha akamwachia peremende ya bure, ili anyamaze.

Wiki hiyo babu yake, mzee Wendell, akaja kutoka Pennsylvania. Hakuwa ameona hata mechi moja. Alipochungulia chumbani kwa Tabitha akakuta dirisha zima linameremeta makombe.

"Mjukuu wangu, yote haya umepewa wewe?"

"Yote nimepewa, Babu," akajibu Tabitha, akijipongeza moyoni kwamba hajasema uongo.

Mzee hakuwa na kifua cha kuhifadhi habari. Kufika mchana, mtaa mzima unajua. Jumamosi akampeleka kwenye mazoezi ya wasichana wa miaka kumi na mbili. "Mchezesheni," akamwambia kocha wao, "na msimwonee huruma."

Hawakumwonea huruma. Walimpita kushoto, wakampita kulia, mmoja akamruka. Alikula matope. Mpira aliuona kwa mbali, kama harusi ya jirani usiyoalikwa.

Njiani kurudi, babu akapunguza mwendo wa gari.

"Tabi, makombe yale uliyapata wapi?"

"Kwa peremende."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alijaribu kukohoa, haikusaidia.

"Na lako mwenyewe je?"

"Limo humo humo." Tabitha akatazama magoti yake yaliyochubuka. "Sijui ni lipi."

Hapo babu akaacha kucheka. Wakapita kanisa, wakapita kituo cha mafuta.

"Jumamosi ijayo wanacheza tena?" Tabitha akauliza.

"Wanacheza. Ila wale hawagawi kitu, mama."

"Najua. Nilikaribia kuugusa mpira, Babu."

Jumamosi akarudi, na Ingrid akaja kumtazama. Safari hii Tabitha aliugusa mpira kweli, ingawa kwa mgongo, na bila kukusudia. Kando ya uwanja Ingrid alipiga makofi peke yake mpaka watu wakageuka.