Pale Mulwa Alipogonga Meza

Kwa miaka mingi Kalekye alizuiwa na digrii. Mitihani ya uhasibu aliifaulu yote akiwa bado msichana, lakini chuo kikuu hakukanyaga, na bila digrii hapakuwa na leseni. Akabaki katika ofisi ya Mulwa mjini Machakos, akitayarisha hesabu ambazo Mulwa alizitia sahihi. Mwaka huu masharti yakabadilika: asiye na digrii angekubaliwa kwa uzoefu wake, mradi mhasibu mwenye leseni aliyemsimamia athibitishe kazi aliyoifanya.

Mhasibu huyo alikuwa mmoja tu, Mulwa, na tangu Pasaka kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya ulimi na mkono wa kulia.

Kalekye alimfuata nyumbani kwake Kalama, maelezo ya kazi yake yakiwa mkobani. Mama Lenny, mke wa Mulwa, alimkaribisha sebuleni, akampa chai, akamwambia kwa upole asitegemee mengi. Siku zingine Mzee hamjui hata aliye mbele yake. Mulwa alikuwa ameketi kando ya meza, shuka magotini, macho dirishani.

Kalekye alitamani kurudi mjini. Kisha akakumbuka walivyozoea kufanya kazi. Mulwa hakutia sahihi kabla ya kusomewa. Alifumba macho, Kalekye akasoma kwa sauti, na palipokuwa na kosa aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Hakusema kosa ni lipi. Alimwacha alitafute mwenyewe.

"Mzee, nimeleta kazi," alisema. "Nisome?"

Mulwa akafumba macho.

Alisoma polepole: jina lake, mwaka aliofika ofisini, wateja, kuanzia kikundi cha maji cha Masinga hadi wenye maduka wa Katangi. "Katika kazi hizi zote nilimsaidia Bwana Mulwa kutayarisha hesabu."

Mkono wa kushoto ukainuka, ukagonga meza.

Kalekye akadhani amejisifu. Akajaribu tena: alimsaidia kidogo, pale alipohitajika. Mkono ukagonga kwa nguvu zaidi, chai ikamwagika kwenye kisahani. Sasa yalibaki maneno ya kweli tu, nayo yalimtia haya, na alipoyatamka sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hesabu hizi nilizitayarisha mimi. Bwana Mulwa alizikagua."

Akangoja. Mkono ulilala mezani, kimya.

Mama Lenny alifuta macho kwa ncha ya leso, akaenda kutafuta pedi ya wino. Aliporudi aliuliza kama watoa leseni huko Nairobi watakubali alama ya kidole badala ya sahihi.

"Sijui, Mama," Kalekye alijibu. "Wakikataa nitawauliza wanataka nini kingine. Lakini hii sentensi siibadilishi tena."

Akaiandika upya kwa kalamu. Kisha akamsomea Mulwa yote tangu mwanzo, na safari hii akafika mwisho.